Uchu wa Jibini Kama Nilivyougundua Mimi

Jumatatu, 7 Novemba 1966. Garissa.

Serikali ya Kenya ina watu wawili wa kutegemewa upande huu wa mto Tana. Wa kwanza simtaji, ni mambo ya usalama. Wa pili ni mimi.

Naandika Kiswahili kwa sababu lugha yetu ya Kisomali bado haijakubaliana na herufi, na kwa sababu dada yangu Arbia hawezi kukisoma. Nilikipata jeshini, Burma, ambako jenerali mmoja wa Kizungu hakuwa anapata usingizi mpaka aambiwe Gelle yuko macho. Arbia husema nilikuwa naosha sufuria. Sufuria za nani? Hilo hasemi.

Leo msiba. Ngamia wa Arbia amekamatwa! Adey, yule jike mweupe. Mvua ilinyesha nje ya mpaka wa malisho tuliowekewa, naye akanusa majani mapya, akajiondokea bila kibali. Ngamia na kibali! Tangu vita hivi vya serikali na waasi vianze hata mtu akienda porini kujisaidia aulizwa karatasi. Askari wamemswaga mpaka zizi la serikali. Jumamosi atapigwa mnada, na wanunuzi wa sasa ni watu wa nyama tu.

Ndama wake amebaki nyumbani. Analia tangu asubuhi. Watoto wa Arbia nao wanalia, maana baba yao ni marehemu na maziwa yao ni hayo hayo ya Adey, lakini wao wanalia kwa adabu. Arbia hakulia. Alinitazama tu. Akasema, walaal, yaani ndugu yangu, si wewe ndiye rafiki wa serikali?

Nikasema ndiye. Sasa imebidi niwe.

Jumanne, 8 Novemba.

Nimeingia ofisini kwa Bwana Mifugo. Ni afisa wa mifugo, kijana aliyeletwa kutoka Kenya, maana sisi hapa mtu akivuka daraja kwenda Nairobi twasema ameenda Kenya. Jina lake refu, hakuna aliyelimaliza. Alisomea ng'ombe Ulaya. Yeye ndiye mwenye zizi. Akisema mnyama atoke, anatoka.

Nilikuwa na hotuba. Sikuitoa. Nilimkuta ameshika kitu cha manjano. Anakinusa, anakifunga kwenye karatasi ya nta, anakifungua tena. Macho yamelegea. Nikadhani ni malaria. Akaniambia hii ni jibini, kipande cha mwisho, na lori la Nairobi limekwama kwenye matope hakuna ajuaye wapi. Alijifunza kuila alipokuwa masomoni. Sasa anaiota. Mtu mwenye digrii anaota maziwa yaliyoganda!

Hapo akili yangu ikawaka kama karabai. Nikamwambia, Bwana, mbona jibini sisi tunatengeneza.

Hatutengenezi. Tangu Nabii Adamu hatujatengeneza. Lakini neno lilikwisha toka, naye alikwisha simama. Kweli, mzee Gelle? Kweli, Bwana. Burma mimi ndiye niliyekuwa fundi wa jibini wa jenerali.

Basi akawa kama ananikumbusha. Maziwa ya vuguvugu. Unatia kipande cha tumbo la mwanambuzi anayenyonya. Yanaganda, unachuja, unatia chumvi, unaning'iniza kwenye kitambaa. Mimi natikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za kwao. Halafu akanipa kile kipande chake, ukubwa wa nusu mche wa sabuni, ili niige ladha. Nikirudishe, akasema. Lakini vidole vyake havikuachia. Ilibidi nivute.

Mpango ni huu. Ijumaa nampa jibini mpya. Uchu unamshika. Jumamosi ananipa Adey, na zaidi ya hapo ananishukuru.

Jioni nilionja chembe. Kwa ajili ya kazi. Inanuka kama askari aliyevua buti. Sikuelewa mtu anapendea nini. Nikaonja tena ili nielewe.

Jumatano, 9 Novemba.

Kabla ya kumvuta mtu ni lazima ujue kamba imefungwa wapi. Nikaenda kwa Bulle, dresa wa zahanati, mtu anayejua dawa zote na hakupi hata moja. Nikamuuliza kisayansi. Kwa nini mwanadamu mwenye akili atamani kitu kinachonuka?

Bulle alifurahi mno. Kwa kawaida watu wanamuuliza habari za kuhara tu.

Akasema, mtazame ndama. Kwa nini anamrudia mama yake? Nikajibu, njaa. Akasema njaa peke yake angejaribu majani. Yeye anadhani ndani ya maziwa mna kitu kidogo cha kutuliza, binamu wa mbali wa ile sindano ya maumivu wanayochomwa majeruhi. Mtoto ananyonya, analegea, anasinzia, akiamka anataka tena. Na jibini ni ndoo ya maziwa iliyobanwa ikaingia kiganjani. Basi kile kitu nacho kimebanwa humo. Halafu kuna mafuta, ambayo ulimi hauyakatai. Halafu chumvi. Hujaona ngamia wanavyokimbilia udongo wa chumvi hata ukiwafunga?

Nimeona. Na harufu je?

Harufu ina milango miwili, akasema. Ikiingia puani kwa mbele ni buti. Ikipanda kwa nyuma, kutoka mdomoni wakati unatafuna, ni kitu kingine kabisa.

Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema ya chumvi, mafuta na harufu ana hakika. Ya kile kitu cha kutuliza ni mawazo yake mwenyewe, na nisiende kusema nimeambiwa na zahanati.

Nimerudi nyumbani kichwa kinazunguka. Kama maziwa yanatuliza, mbona ndama wa Adey anapiga kelele? Kwa sababu hayapati. Vizuri. Kama jibini inatuliza, mbona Bwana Mifugo hatulii? Kwa sababu inakwisha. Vizuri. Basi kinachomtuliza ndicho kinachomhangaisha? Hapo nilikaa chini.

Nikaanza majaribio. Niliziba pua, nikala chembe. Si kitu, kama kutafuna mshumaa. Nikaachia pua. Subhanallah! Nikaziba. Nikaachia. Arbia akapita, akauliza kama nina mafua.

Jaribio la pili, nikampa ndama chembe. Akaitema, akanipiga teke la goti. Kumbe ndama hana uchu wa jibini. Basi Bulle amekosea. Au ndama ndiye aliyekosea. Ile chembe sikuiacha ikapotea.

Kipande sasa kimekuwa kama kiberiti. Nashuku panya.

Alhamisi, 10 Novemba.

Tumbo la mwanambuzi nimepata machinjioni. Bado maziwa.

Arbia akasema, tumia maziwa ya mbuzi, hayo yanaganda upesi. Mbuzi! Kwa afisa! Nikamwambia, walaal, mtu mkubwa hutiliwa maziwa ya ngamia. Ya mbuzi ni ya chai na ya wagonjwa. Nikimpelekea jibini ya mbuzi atanionaje? Atasema huyu mzee hana hata ngamia.

Akasema, huna hata ngamia. Yuko zizini.

Wanawake hawaelewi hadhi.

Maziwa ya ngamia yaliyobaki karibu ni ya Dubow, mwenye hoteli ya chai, mtu ambaye tangu utotoni akiona nina kitu lazima naye awe nacho. Alikubali kunipa, kwa sharti nisimame mbele ya wateja wake niseme chai yake haina maji mengi. Nilisema. Wateja walicheka kwa muda usio wa lazima.

Halafu kazi. Nikayapasha moto. Nikatia tumbo. Nikangoja.

Maziwa yalinitazama.

Nikatia kipande kingine cha tumbo. Nikatia chumvi. Nikasoma dua. Nikatia chumvi tena. Maziwa ya mbuzi, nasikia, yangekuwa yameshasimama kama uji. Maziwa ya ngamia hayana habari! Ni maji tu, meupe, yana kiburi. Nimeishi na ngamia maisha yangu yote na sikujua kuwa hata maziwa yao hayapendi kuamriwa.

Wakati huo nusu ya wanawake wa mtaa wamekuja kutazama. Mwanaume mwenye mvi amechuchumaa juu ya vyungu kama bi harusi! Kwetu mwanaume anamkamua ngamia, kisha maziwa yakiingia chomboni si kazi yake tena. Dubow naye akaja na kikombe mkononi. Akaniuliza harusi ni lini na maziwa yamekubali mahari gani. Nikamwambia Burma wenzake waliocheka hivyo hawakurudi. Akasema, walibaki wanakula chakula chako?

Kufikia jioni nilipata vipande vidogo vinavyoelea, kama pamba iliyolowa. Inatosha! Nikavua kilemba changu cheupe, nikamimina vyote humo, nikafunga, nikaning'iniza kwenye mgunga nyuma ya nyumba. Chini nikaweka kopo tupu la samli lipokee maji.

Tik. Tik. Tik. Sauti tamu kuliko zote. Kesho jibini.

Kipande cha Bwana Mifugo, kwa masikitiko, kimekuwa kama ukucha. Panya huyu hana haya.

Ijumaa, 11 Novemba.

Naandika nikiwa nimejifungia ndani, ingawa si kwa woga.

Tulikuwa tumetoka kuswali alfajiri, kafyu ndiyo kwanza imekwisha. Doria ya askari ikapita nyuma ya nyumba zetu. Askari mmoja akasimama. Akasikia tik, tik, tik. Akatazama juu. Akaona furushi jeupe linaning'inia mtini, limelowa, halina mwenyewe.

Bomu!

Wote tukaambiwa tulale chini. Tukalala. Matope. Watoto wa Arbia walilala bila kuuliza, wamezoea, na hilo silipendi kuliandika. Koplo akauliza hili ni la nani. Mwaka huu watu wamechukuliwa kwa mambo madogo kuliko hilo na hatujawaona tena. Niliwaza, Gelle, nyamaza, hata jenerali angenyamaza.

Arbia akanyoosha mkono akanionyesha. Akasema, la huyu, ni maziwa.

Ikabidi nisimame. Nikasema, afande, ni jibini. Koplo alikuwa hajapata kuisikia. Akauliza jibini ni mtu au ni kikosi. Nikasema ni sayansi. Hapo alirudi nyuma hatua kadhaa, akaamuru wapige.

Wakakipiga risasi kilemba changu!

Maji ya maziwa yakanyesha juu ya wote, jeshi na raia bila ubaguzi. Askari mmoja akapiga kelele kwamba ameumia, akajishika shavu, akalamba kidole, akasema ina chumvi nyingi. Dubow alikuwa amelala kifudifudi anatikisika mwili mzima. Wakadhani amepigwa, wakamgeuza. Alikuwa anacheka.

Mimi nikapelekwa kituoni, nikakalishwa juani mpaka adhuhuri, buti zao mbele ya macho yangu. Hata hapo, Mungu anisamehe, harufu ya buti ilinikumbusha jibini na mate yakajaa mdomoni. Sielewi kabisa mwili wangu wiki hii.

Wakamwita Bwana Mifugo aje kuthibitisha kama kuna kitu kinaitwa hivyo duniani. Alikuja mbio. Akakitazama kilemba, akaingiza kidole kwenye tundu la risasi, akanusa. Akawaambia waniachie, huyu mzee si hatari kwa mtu ila kwa nafsi yake. Halafu akanivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini. Na kipande changu?

Nikasema, Bwana, kilikuwa humo ndani. Nilikiweka kiwafundishe wenzake.

Alivua kofia. Wallahi, alivua kofia. Akainamisha kichwa kama kwenye maziko. Kisha akasema mnada uko pale pale kesho asubuhi, akaondoka.

Arbia hakunigombeza. Angenigombeza ningejua la kujibu. Ndama sauti imemkauka, sasa anafungua mdomo tu.

Jumamosi, 12 Novemba.

Mnada. Watu wa nyama wamefika, maana matope yamekauka na magari yanapita. Mmoja alikuwa anambonyeza Adey nundu kama anayechagua godoro.

Wiki nzima walinzi wa zizi walikuwa wamejaribu kumkamua wapate maziwa ya chai. Hawakupata tone. Yeyote aliyefuga ngamia anajua kwamba mama hateremshi maziwa mpaka ndama amguse kwanza. Wao hawakujua. Wakaripoti kuwa ni mkavu, hana ndama, mkali, wa kuchinjwa.

Nilisimama mbele ya watu kutoa hotuba. Nilianza na Burma. Kabla sijavuka bahari, Arbia akanipita. Mkono mmoja kamba ya ndama. Mgongoni chombo cha susa, maziwa ya Adey ya kabla hajakamatwa, yaliyochachuka taratibu ndani ya moshi wa kuni, ambayo alikuwa ameyaficha hata watoto wasiyaone. Hata mimi sikuyaona! Wiki nzima ninatafuta maziwa!

Adey akamsikia ndama kabla hajamwona. Akatoa sauti ile ya ndani ya kifua. Ndama akapita chini ya mti wa lango la zizi kama maji, akaingia chini ya mama yake, akapiga kichwa, akashika chuchu. Povu likamtoka pembeni mwa mdomo. Macho yakafumba. Magoti yakaanza kulegea, mkia ukitingishika wenyewe.

Arbia akanirushia bakuli. Gelle, kamua!

Hilo nalijua. Nikasimama kwa mguu mmoja, bakuli juu ya paja, kilemba chenye tundu kichwani, nikakamua upande wa pili. Maziwa yakapiga bakuli mpaka walinzi wakatazamana.

Bwana Mifugo alikuwa anamtazama ndama tu. Alimtazama muda mrefu. Akasema, kama anayezungumza peke yake, huyu ni mimi. Wiki nzima nimekuwa huyu. Kisha akageuka akauliza kwa ukali nani aliyesema hana ndama. Akawaambia watu wa nyama kuwa ofisi yake haiuzi mama anayenyonyesha, watazame wengine. Akamwambia Arbia, mama, mchukue ngamia wako, na mvua ikinyesha mfunge.

Arbia hakusema asante kwanza. Alimtilia susa kwenye kikombe. Bwana Mifugo akanusa, akakunja uso. Akanywa. Akakunja uso tena. Akanywa. Akafumba macho. Arbia alipotaka kikombe chake, vidole vya yule kijana havikuachia. Ilibidi avute.

Nilitaka kueleza umati habari za milango miwili ya harufu, lakini walikuwa wanaondoka.

Jumatatu, 14 Novemba.

Mambo ni shwari na mimi ndiye niliyeyatuliza. Adey yuko nyumbani, kamba imara. Ndama amenenepa kwa siku mbili. Watoto wa Arbia wana masharubu meupe, wananiita abti shujaa, yaani mjomba shujaa, ingawa ilibidi niwafundishe.

Bwana Mifugo anakuja kila asubuhi kunywa susa. Anasema ni kwa ajili ya ukaguzi. Lori limefika, na ndani yake sanduku lake la jibini, zima. Amelifungua akala kidogo, akaja kwa Arbia vile vile. Bulle anasema hilo linalingana na mawazo yake. Nilimuuliza kivipi, jibini ni nyingi na uchu umehama? Akaanza kueleza. Nilitikisa kichwa mpaka akamaliza. Sikushika hata neno.

Hotelini kwa Dubow nimesimulia jinsi nilivyopigwa risasi. Kilemba kilikuwa kichwani, nikasema. Nilikuwa namwangalia koplo machoni. Tundu hili hapa, tia kidole. Dubow akasema yeye alikuwepo, kilemba kilikuwa mtini. Nikamwambia alikuwa amelala kwenye matope, ataonaje? Wageni waliamini. Dubow kavaa kilemba kipya leo. Nimekiona kina tundu dogo. La sigara.

Nimetafakari kwa nini jibini yangu haikuganda. Jawabu ni moja, risasi. Maziwa ya ngamia hayana kosa lolote. Wiki ijayo narudia, kilemba kikubwa zaidi, na safari hii nitawaarifu askari mapema kwamba kitu kitalia tik. Wakati huohuo nimejitolea kwa Bwana Mifugo kulilinda sanduku lake la jibini, kwa sababu panya wa Garissa ni hatari. Anafikiria. Aliniangalia vibaya kidogo, lakini anafikiria.

Kuna jambo moja dogo, na Arbia hasomi Kiswahili.

Kile kipande hakikuwa ndani ya kilemba. Mtu amevua kofia akaomboleza, nami nikainamisha kichwa pamoja naye, huku nina ladha yake mdomoni. Panya hakuwepo. Kilikwisha usiku wa Alhamisi, chini ya blanketi, pua imeachiwa. Karatasi yake ya nta ninayo ndani ya kofia yangu. Wote wakilala, naitoa, nailamba.